Simu Kwenye Sanduku la Chuma

Asubuhi ile msimamizi wetu alitunyang'anya simu kama kawaida, akazifungia kwenye sanduku la chuma ukutani, ufunguo akauvaa shingoni. Tunamwita Tabasamu, kwa kuwa ndiye aliyeweka kioo kidogo kwenye kila meza, ili tujione tukitabasamu wakati wateja wa ving'amuzi wanatutukana kwa simu. Meno yake mwenyewe sikuwahi kuyaona.

Nilimwambia kwamba mke wangu ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, yuko hospitali na mama yake. Nikamwambia pia kwamba daktari ameonya huenda akatokwa damu nyingi, na tumeshapimwa, yangu inamfaa. Nikaomba ruhusa.

"Mimba si ugonjwa," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtoto alikuwa anakuja kutaka kula. Siku hiyo kulikuwa na mechi na picha zilikuwa zimekatika mji mzima. Mteja wa kwanza aliniita mbwa. Wa pili akamtaja mama yangu mzazi. Kwenye kioo nilijiona nimekenua kama fisi, na nilijichukia.

Kabla ya chai, binti wa meza ya jirani alinigusa bega.

"Kaka, kuna mama kapiga hapa. Anamtafuta mkwewe, anasema simu yake haipokelewi. Nikajua ni wewe tu. Tabasamu alikuwa anatusikiliza, akasema huyo si mteja."

"Ukamkatia?"

"Kamkatia yeye mwenyewe."

Hasira zikanipanda. Hata hivyo nilimfuata kwa adabu, nikamwita bosi, nikamwomba ufunguo. Akanionyesha saa ya ukutani.

"Mapumziko bado. Rudi kwenye kiti, utabasamu."

Nilimtandika ngumi ya mdomo. Aliyumba, akanirukia, akaning'ata bega hadi nikapiga ukelele. Hakuwa mnyonge hata kidogo. Tulibingirishana tukiangusha meza na viti, vioo vikapasuka chini yetu, na ndani ya hedifoni zilizotapakaa wateja waliendelea kutukana. Nilishika kamba ya ufunguo nikaivuta. Haikukatika. Nilipomsikia anakoroma na kuona macho yamemtoka, nikamwachia, maana niliiogopa mikono yangu.

Nikauvamia mtungi wa zimamoto. Nililipiga lile sanduku mara kadhaa, mlango ukabonyea, kisha ukachanika. Nikaingiza mkono na bati likanichana kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Simu yangu ilikuwa mbele ya zote, na ndiyo iliyopokea mapigo. Haikuwaka. Na namba ya mama mkwe, nani siku hizi anaijua kwa kichwa?

"Karudi!" binti akapiga kelele. "Yuko kwenye foleni, kompyuta imemwekea alama nyekundu kwa kuwa alikatiwa. Njoo!"

Nikavaa hedifoni yake. Sauti ya mashine ilikuwa inamalizia kumwambia mama mkwe kwamba yeye ni mteja wetu muhimu.

"Wanangu, nawaomba msinikatie tena," akasema, bila kujua ni mimi. "Namtafuta mkwe wangu, anafanya kazi hapo kwenu. Mtoto katoka salama, lakini mama yake anavuja damu, haikatiki. Daktari anauliza, huyo mume yuko wapi na damu yake?"

Niliitazama. Ilikuwa inachuruzika vidoleni, inadondokea kwenye kibodi na kwenye zulia, pale pale ilipomwagika ya Tabasamu.

"Ni mimi, mama. Naja nayo."

Nikavua shati, nikaufunga mkono, nikalikaza fundo kwa meno. Nilipogeuka, walinzi wawili walikuwa wamesimama mlangoni na virungu. Nyuma yao Tabasamu, ameshika koo, mdomo umetapakaa damu, alikuwa anacheka. Nikayaona meno yake kwa mara ya kwanza.

Nikauokota mtungi kwa mkono mzima, nikawafuata.