Keria ya Mkwe

Kama mjini kulikuwa na keria mia juu ya magari ya porini, basi themanini alizifunga Fundi Kimya, na wenye zile ishirini walikuwa wanajuta. Hivyo ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, na hakuna aliyembishia, kwa sababu kazi yake ilikuwa safi na mdomo wake ulikuwa mrefu. Jina la Kimya hakupewa kwa upole. Alipewa kwa kuwa keria aliyoifunga yeye haikugonga kwenye mashimo wala haikulia upepo ukiipiga. Chini ya kila mguu aliweka kipande cha mpira wa tairi kuukuu, kila nati aliikaza mara mbili, halafu akampeleka mwenye gari kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya maghala, akamwambia kanyaga mafuta.

Hapo ndipo penye siri yake, na tuiseme mapema tusizungushane. Kwa miaka mitatu sasa Fundi Kimya hakuwa akisikiliza keria. Grenda za kukatia chuma na nyundo za miaka thelathini zilikuwa zimemla masikio. Sauti nene bado zilimfikia, na maneno mengi aliyasoma midomoni, lakini sauti nyembamba zote zilikuwa zimeshamuaga: filimbi, kengele ya baiskeli, simu ikilia mfukoni mwake mwenyewe. Barabarani alikuwa akitazama uso wa dereva. Dereva akikunja uso, fundi anasema "simama", anapanda juu, anakaza hapa, anaongeza mpira pale. Uso ukilegea, kazi imekwisha. Hakuna mteja aliyerudi kulalamika, kwa hiyo alijiambia hana tatizo. Aende hospitali akaambiwe nini? Fundi wa kelele asiyesikia kelele! Watu wangecheka mpaka wavunjike mbavu.

Mambo yaliharibika kwa mkwe.

Mkwe huyu, mume wa binti yake wa pekee, alikuwa mpima ardhi, kijana mtaratibu ambaye hata ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayekuomba radhi. Kazi yake ilimpeleka milimani wiki mbili mbili, na vyombo vya kupimia, hema na gurudumu la akiba. Miezi miwili baada ya harusi, Fundi Kimya alimtengenezea keria kama zawadi. Aliichomelea kwa mikono yake, akaipiga rangi nyeusi, na kwenye bomba la mbele akatoboa matundu sita ya kupitisha nyaya za taa ambazo mkwe angezifunga siku zijazo. Kisha wakaenda nyuma ya maghala. Gari likakimbia, na fundi akamtazama kijana usoni. Uso ulikuwa shwari kama maji ya mtungini.

"Unaonaje?" akauliza.

"Kimya kabisa, mzee."

Fundi Kimya akarudi nyumbani kifua mbele, na kwa mwaka mzima kila mgeni aliyebisha hodi kwake, gari la mkwe likiwa uani, alitolewa nje kwenda kuitazama kabla hata hajapewa maji.

Jumapili moja mchana mkwe alikuja na mkewe, na safari hii wakamleta mama wa kijana, mama mzaa chema mwenyewe, mwanamke wa sauti ndogo na adabu nyingi. Mke wa fundi alitoa sahani zile za kabatini. Fundi, kama kawaida yake, akampeleka mgeni uani akaone kazi. Akapanda kwenye bampa, akanyoosha mkono amwonyeshe miguu ya keria ilivyokaa, na mkono ukabaki hewani.

Vichwa vya bolti vilikuwa vimechunika. Rangi ilikuwa imetoka kwenye kona zote, chuma kinang'aa. Spana ilikuwa imepita pale mara nyingi mno, na mpira mmoja ulikuwa umewekwa kinyume. Yeye mpira hakuuweka kinyume tangu alipoanza ufundi. Keria hii ilikuwa ikifunguliwa na kufungwa, ikifunguliwa na kufungwa, na akili yake ikakimbilia jawabu baya kuliko yote: kijana anaigawa zawadi yake kwa marafiki.

Alijikaza mpaka chakula kikapakuliwa. Zaidi ya hapo hakuweza.

"Mkwe," akasema, "hebu niambie. Keria yangu huwa inalala kwa nani?"

Mkwe akaacha kutafuna.

"Mimi si mtoto mdogo. Zile bolti nimeziona. Nimekutolea jasho langu, wewe unaiazimisha huku na kule kama ndoo ya kisimani! Ndivyo ulivyolelewa?"

Mama mzaa chema akaweka kijiko chini polepole. Mke wa fundi akamkanyaga mumewe chini ya meza, naye akausogeza mguu wake pembeni.

"Umeiazimisha au hukuiazimisha?"

 Kijana akasema, kwa sauti nzito iliyosikika vizuri, "Nimekosa, mzee. Nisamehe. Sitarudia."

"Mwongo!" akasema binti, na aliyekuwa akimwambia ni mumewe. "Hujamwazima mtu yeyote. Mwambie."

"Mke wangu, yaache."

"Siyaachi. Umetukanwa mbele ya mama yako halafu unaomba radhi?" Akamgeukia baba yake, na kwa mazoea ya nyumba ile akapandisha sauti na kutamka neno moja moja. "Baba, tunaifungua kila tukisafiri. Inakaa stoo. Tukija hapa ndiyo tunaamka mapema tunaifunga, yeye upande huu, mimi upande ule. Ule mpira uliogeuzwa niliuweka mimi. Vyombo vyote tunavirundika ndani, na ile miguu mitatu ya mashine yake ya kupimia inanichoma mbavu mpaka tufike."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu inapiga filimbi, baba. Ukivuka sitini tu, inapiga filimbi mpaka meno yanauma. Nimemwambia tangu mwanzo akuambie. Anasema heri mgongo wake uvunjike kuliko kukuambia kazi yako inalia. Kwa fundi mwingine hawezi kuipeleka, mji mzima unajua ni yako."

"Mbona mimi sikuisikia?"

Swali lilimponyoka kabla hajalipima. Fundi Kimya, bingwa wa kusoma nyuso, akazisoma nne kwa mpigo. Mkewe alijua kwamba hasikii. Binti alijua. Mkwe alijua tangu siku ile nyuma ya maghala, ndiyo maana aliutuliza uso wake makusudi. Hata mama mzaa chema, aliyekuwa na saa moja tu katika nyumba ile, alikuwa anajua, na hapo fundi akatambua kwamba bila shaka bibi huyo alimwuliza jambo kule uani na yeye akamjibu kwa kutabasamu.

Alikuwa amemvunjia mtu heshima mbele ya mama yake, na mtu huyo alikuwa tayari kuitwa asiye na malezi ili yeye asiumbuke. Angepewa nafasi angeingia chini ya meza akae huko. Lakini kiburi nacho hakifi siku moja.

"Labda ni upepo wa siku zile," akasema, akisimama. "Twende tukaone."

Akachukua tepu nyeusi ya umeme. Akina mama wakabaki. Mkwe akashika usukani, fundi akakaa pembeni yake, binti nyuma. Kwenye barabara ya maghala kijana akakanyaga mafuta, na fundi, masikini, akamtazama tena usoni.

"Haisikiki sana, mzee," mkwe akasema.

"Inalia," binti akasema.

Wakasimama. Fundi akafunga tepu kwenye maungio ya pembeni. Wakaenda.

"Naona imepungua," mkwe akasema.

"Haijapungua hata kidogo."

Akaongeza mpira kwenye miguu ya mbele. Inalia. Akaziba uwazi kati ya keria na paa. Inalia. Mara ya nne akasimama mbele ya gari, jasho likimtiririka, akayatazama yale matundu sita aliyoyatoboa mwenyewe na kuyaacha wazi, yakiukabili upepo kama midomo ya chupa. Mwanafunzi wa wiki moja angeyaziba. Fundi yeyote mwenye masikio angeyajua kabla ya kubadilisha gia. Akayafunga kwa tepu yote sita, akaingia garini.

"Sasa?"

"Imenyamaza, baba." Na kweli, mabega ya binti yalikuwa yameshuka.

Kwake yeye barabara ilikuwa ileile. Filimbi ilikuwa imekuja, ikatesa watoto wake mwaka mzima, ikaondoka, na hawakuwahi kukutana.

"Simamisha," akamwambia mkwe. "Zima gari." Injini ikazimika. "Nimekukosea. Nitakuomba radhi tena mbele ya mama yako, leo hii."

"Yamekwisha, mzee."

"Hayajaisha." Akavuta pumzi, akamgeukia binti. "Ilikuwa inaliaje?"

Binti akamtazama mumewe, kisha akainama katikati ya viti viwili, akabana midomo, akaiiga filimbi ile. Fundi aliona mashavu yakiingia ndani. Akaona mshipa wa shingo ukisimama, na mkwe akifumba jicho moja kwa ukali wa sauti ile. Kichwa chake kikaanza kuitikia, kwa mazoea. Akakizuia.

"Rudia, mwanangu."

Akarudia, karibu zaidi, mdomo ukikaribia kugusa sikio lake.

"Nimehisi pumzi yako," akasema Fundi Kimya. "Sauti sijaisikia."