Msindikizaji Katika Nchi ya Ganzi

Haya niliyaona usingizini, mchana kweupe, mvua ikinyesha, na kama si yale yaliyofuata baada ya kuamka nisingethubutu kumsimulia mtu. Naitwa Subilaga. Nasoma katika chuo cha ualimu kilicho kwenye mteremko wa milima, mahali ambapo ukungu huingia darasani kabla ya mwalimu, nami ni mmoja wa wanachuo wanaojitolea ambao wenzetu wametubandika jina la Wasindikizaji. Kazi yetu haina ufundi mkubwa. Mwenzetu akiwa na shida hutujia, au sisi humfuata alipo. Tunamsikiliza, kisha tunafuatana naye mpaka kwa watu wa mjini wanaoweza kumsaidia: ofisi ya ustawi wa jamii, wanasheria wanaowatetea wasio na uwezo, kliniki, akina mama wa kanisani wanaompikia asiye na chakula. Misaada hiyo ipo na milango yake i wazi, lakini mtu aweza kufa kwa kiu kando ya kisima kwa sababu tu hakuna aliyemwambia, "Twende."

Likizo iliyopita tulimzika mama. Kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba, kila aliyenishika mkono pale msibani aliniambia neno lile lile: "Jikaze." Basi nikajikaza. Niliwapikia waombolezaji, nikawabembeleza wadogo zangu mpaka wakalala, nikarudi chuoni, nikaendelea kuwasindikiza watu kana kwamba sikuwa nimetoka kokote. Wenzangu walisema nina moyo wa ajabu. Sikuwaambia kwamba chakula kilikuwa kimenipotezea ladha, wala kwamba watu wakizungumza nami niliwasikia kama walio nyuma ya ukuta.

Asubuhi ya siku ile nilimpeleka Tusekile kwa Mama Sambwe, mshauri nasaha mwenye kituo chake nyuma ya soko. Tusekile yu mwaka wa kwanza. Alikuwa mjamzito, na baba yake alikuwa amemkana kwenye simu, akamwambia asikanyage tena nyumbani kwake. Tulipokaribia kituo akasimama, akashika ua wa watu kwa mikono miwili, akaanza kulia kwa sauti.

"Dada Subi, mimi nitakufa na aibu hii. Nirudishe bwenini."

Nikamwekea mkono begani kama tulivyofundishwa, nikamwambia maneno tuliyofundishwa, naye akatulia, tukaingia. Lakini ndani yangu hapakuwa na kitu. Niliyatazama machozi yake kama mtu atazamavyo mvua ya mji asiokaa. Alinishika kiganja akinishukuru nami sikuusikia mkono wake. Nilirudi bwenini nikiwa na jambo hilo kichwani. Si huzuni, maana huzuni ningeitambua. Ikupa, ninayelala naye chumba kimoja, alikuwa ameniwekea ndizi za nazi na kuzifunika sahani. Sikuzigusa. Nikajitupa kitandani na viatu vyangu, nikasikiliza manyunyu juu ya bati, na usingizi ukanichukua kama kitu kisicho na mwenyewe.

Nikajikuta katika nchi tambarare, mimi niliyezaliwa milimani, nchi isiyo na kilima hata cha mchwa, ambayo nyasi zake zilikuwa nyeupe na hazikuinama nilipozikanyaga. Jua lilikuwapo, limesimama katikati ya mbingu kama sahani ya bati, likiangaza bila kumpasha mtu joto mwilini. Nilitembea, na miguu ikanifuata kama magogo yanayoburutwa na mtu mwingine. Mbele yangu watu wengi walikuwa wamekaa chini, vijana wa umri wangu, wengine na mabegi yao ya shule mgongoni, kila mmoja amefunikwa uso kwa kitambaa, na kati yao alipita mwanamke mwenye kikapu, mwenye vidole laini kama vya mama amfunikaye mwanawe blanketi. Alikuwa akimwinamia kila mmoja na kumnong'oneza, "Jifunike, mwanangu. Watakuona. Watasema." Nikajua bila kuambiwa kwamba huyo ndiye Aibu, na nikashangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa tamu.

Kabla hajanifikia akatokea mwanamume mkakamavu, shingo yake kama nguzo ya nyumba, amevaa koti la ngozi ya ng'ombe iliyokauka hata likawa linalia kila alipogeuka. Akacheka kwa furaha kuniona.

"Huyu hahitaji kitambaa," akamwambia Aibu. "Huyu ni wangu. Karibu, binti yangu! Mimi ndiye Kujikaza. Nilikuwapo msibani kwenu, nimesimama kwenye kila kinywa. Hukuniangusha hata mara moja."

Akavua koti lake akanivika, akalifunga mpaka kidevuni. Lilikuwa kubwa mno, nami sikuusikia uzito wake. "Katika nchi hii," akasema, "wengine hukaa, wewe utatembea. Wengine hulia, wewe utawafuta machozi. Nenda kafanye kazi yako." Nikaona ni heshima. Nikainama nikamshika mkono aliyekuwa karibu, nikamwondolea kitambaa. Alikuwa Tusekile, mikono yake juu ya tumbo.

"Twende," nikamwambia.

Tukafika kwenye mto mpana, wenye maji ya kijani yaendayo kasi, na ng'ambo yake palikuwa na kijiji ambacho moshi wa jikoni ulipanda juu ya kila nyumba na watu waliitana kwa majina. Ukingoni alisimama mwanamke mfupi, peku, nguo zake zimelowa mpaka kifuani kama mtu ashindaye majini.

"Mimi ni Upole," akasema. "Mto huu unaitwa Nisaidie, na havuki mtu mpaka alitamke jina hilo. Wapo waliokufa ukingoni wakitafuta daraja, na daraja halijawahi kujengwa, kwa sababu neno hilo haliwezi kusemwa na mtu kwa niaba ya mwingine."

Tusekile alilimeza lile neno, likamrudi, mwishowe akalisema kwa sauti ya kupasuka. Tukaingia majini. Alipiga ukelele kwa baridi, akanililia na kunikumbatia shingoni, maji yakampanda mpaka kifuani, lakini hakuniachia, mpaka tukafika, na watu wa kijiji wakampokea, huyu kwa nguo kavu, yule kwa uji, mwingine akamkalisha tu na kumsikiliza. Mimi nikageuka kurudi kumchukua mwingine. Ndivyo nilivyofanya, sijui kwa muda gani, kwa kuwa jua la kule halisogei: nilivusha na kurudi, nilivusha na kurudi, na kutoka mbali Kujikaza alikuwa akinipigia makofi.

Hatimaye Upole akanishika ukosi wa koti. "Subilaga, tazama miguu yako."

Nikatazama. Viatu vyangu vilikuwa vikavu. Hata vumbi jeupe la ile nchi lilikuwa bado juu yake.

"Nimezoea maji," nikamjibu.

"Aliyezoea maji hulowa kama mgeni. Wewe mto haukujui. Umeingia humu mara nyingi kuliko wote na hujavuka hata mara moja. Watu wamevuka wakikushika, kama mtu ashikavyo ubao."

"Lakini wamefika. Je, si hilo ndilo la maana?"

"Wamefika, na ni jambo jema, wala sikulaumu. Lakini kinyozi hajinyoi, mwanangu. Na mkono usiosikia maumivu huungua jikoni bila mwenyewe kujua. Leo hukuyasikia machozi ya mwenzako. Siku nyingine hutasikia anapokwambia anakwenda kujiua. Hapo utamfaa nini?"

Neno hilo lilinipita kama mengine yote, ila nikagundua kwamba nilikuwa nimesimama. Nikamwomba anivushe. Akatikisa kichwa. "Mimi huonyesha njia. Mkono hutoka kwa mwenzako." Nikataka kuuliza ni mwenzangu yupi, maana niliokuwa nao wote nilikuwa nimewafikisha na kuwaacha, na papo hapo nikamwona Tusekile akishuka kutoka kijijini, amevaa nguo kavu alizopewa, akaingia tena mtoni kwa hiari yake, akaja mpaka katikati, akasimama, mkono ameunyosha. Nyuma yangu Kujikaza alikuwa anakuja mbio, koti likilia mwilini mwangu kama linaloitika, akipaza sauti, "Wewe ndiye mkubwa! Wadogo zako wakikuona hivi watasemaje?" Nikafungua kinywa. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nilijua neno, nilikuwa nimewafundisha wengine kulisema, lakini kwangu halikuwa na njia ya kutokea. Nikaanza kufungua koti, kifungo baada ya kifungo, kwa vidole visivyosikia. Lilipoanguka nikatia mguu mmoja majini. Baridi ikanichoma mpaka kwenye mfupa, na ilikuwa baridi ya kweli. Nikashtuka.

Nilikuwa kitandani. Mvua ilikuwa imekatika na mwanga wa alasiri umeingia chumbani. Ikupa alikuwa sakafuni ananyoosha sketi yake kwa pasi ya mkaa. Sikulia. Sikujisikia nafuu yoyote; kifua kilikuwa kile kile, kimeziba. Sikuhitaji mtu wa kunifasiria ndoto, kwa kuwa maana yake ilikuja yenyewe, taratibu, kama macho yanavyozoea giza la chumba: sikuwa na moyo wa ajabu. Nilikuwa nimekaa katika ile nchi na wale wengine, ila mimi nilikaa huku natembea.

"Ikupa," nikamwita.

"Umeamka? Ndizi zimepoa, nizipashe?"

"Mama Sambwe atakuwa bado hajafunga?"

"Bado, hufunga jioni. Nani tena ana shida?"

Yeye akaendelea kupiga pasi, akidhani sikusikia.

"Nisindikize," nikasema.

Akainua pasi, akanitazama. Nilingoja aniambie nijikaze. Akaiweka pasi pembeni, akasema, "Ngoja nivae viatu."

Tulishuka mpaka sokoni, yeye akinishika mkono pale palipoteleza. Mama Sambwe alikuwa anafagia maji ya mvua mlangoni. Aliponiona akatabasamu, kisha akamgeukia Ikupa, ambaye hakuwa amewahi kumwona, akaegemeza fagio ukutani na kumvutia kiti.

"Karibu, mwanangu. Usiogope. Umefika na mtu mzuri. Keti hapa, useme unapotaka kuanzia."

Ikupa hakukaa. Alinitazama, akangoja. Mama Sambwe naye akanitazama, na lile tabasamu likamtoka polepole.

"Si yeye, mama," nikasema. "Ni mimi. Naomba unisaidie."

Akafunga mlango. Nikakaa kwenye kile kiti, mikono juu ya magoti. Sikuwa na machozi, wala sikujua mtu huanza vipi, mimi niliyewaambia wengi waanze popote. Basi nikaanza na jina ambalo sikuwa nimelitamka tangu tulipotoka makaburini.

"Mama yangu," nikasema, "alikuwa anaitwa Atuganile."