Sifuri Nukta Nne

Kila mtu katika hospitali ile ya Mwanza aliijua kanuni: jibu lisilolingana na kipimo kilichochapwa kwenye fomu haliingii failini, na lisiloingia failini halitoi dawa stoo.

Anatory Bagenda, fundi wa maabara, alikuwa na jibu la Odeta mkononi tangu asubuhi. Mama huyo alianguka kutoka lori la pamba huko Mkolani, akaumia kichwa, na tangu hapo mwili wake haukuweza kushika maji. Alikunywa ndoo mbili kwa siku na kuzikojoa zote. Mabomba ya wodi yalikuwa makavu juma la tatu sasa. Mumewe, Ndalahwa, alichota ziwani, akachemsha, akarudi kukuta midomo ya mkewe imepasuka tena. Jana usingizi ulimwiba kidogo tu, na alipozinduka mkewe alikuwa anaweweseka.

Damu ilikuwa imepelekwa Ulaya kupimwa homoni inayozuia mkojo. Jibu lilikuja baada ya majuma saba: pikomoli 0.4 kwa lita. Fomu ya hospitali ilidai pikogramu kwa mililita.

Chenge, katibu wa hospitali, alimrudishia karatasi. Alisema kipimo hicho hakitambuliki. Wa kukigeuza ni Mganga Mkuu, naye yuko semina ya siasa hadi Ijumaa ya juma lijalo. Bagenda akaeleza kwamba ni hesabu ya darasani, kama kugeuza maili kuwa kilomita.

"Ndugu Bagenda, leo utageuza kipimo, kesho utageuza nini?" Chenge akauliza, akikoroga chai. "Mama na anywe maji. Ziwa zima lile."

Nje, Ndalahwa alisimama na ndoo yake.

"Shikamoo, daktari. Nirudi ziwani, au dawa inakuja?"

 Bagenda aliingia maabara akashika penseli. Pikomoli moja ya homoni ile ina uzito wa pikogramu 1,084. Akazidisha kwa 0.4, akagawa kwa elfu, maana lita ni mililita elfu: 0.43. Fomu ilisema mtu mzima mwenye afya hapungui moja. Akaijaza, akatia sahihi yake, jina zima. Chenge aliona neno pikogramu mahali pake, akagonga muhuri, sahihi hakuitazama.

Stoo ikatoa dawa, homoni ileile ndani ya mafuta. Muuguzi Dorotea aliipasha chupa viganjani, akaitikisa mpaka mafuta yakachanganyika, akachoma sindano. Jioni ile Odeta alikunywa kikombe kimoja, akalala.

Mganga Mkuu aliporudi, alirudia hesabu mbele ya kikao. Akapata 0.43.

"Hesabu ni sahihi," alisema. "Kosa ni kuifanya bila idhini yangu."

"Na mgonjwa, mzee?" Bagenda akauliza.

"Mgonjwa hayumo katika ajenda."

Adhabu ilikuwa uhamisho: zahanati ya kisiwani, mbele ya Nansio, isiyo na hata darubini. Chenge alimsogezea fomu ya uhamisho, akamwelekeza aandike kwamba alighushi majibu. Bagenda alifika penye neno Kosa, akaandika kwa mwandiko ule aliofunzwa na mapadri: *Nilizidisha sifuri nukta nne kwa elfu moja na themanini na nne, nikagawa kwa elfu moja.*

Akatia sahihi, akaweka funguo za maabara juu ya karatasi, akateremka bandarini kuiwahi meli.