Wauguzi Wasiochoka Kungoja

Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kutembea kifua mbele wiki ile, ni Mpimaji. Ndivyo walivyomwita kazini, maana hakuna mtambo aliouamini kabla hajaubebesha mzigo. Safari hii ilikuwa seva mpya ya ujumbe ya hospitali: muuguzi abonyeze simu, daktari apate wito papo hapo. Alitengeneza maelfu ya wauguzi bandia ndani ya kompyuta, akawaacha waite. Seva haikutikisika. Mkuu wa hospitali akasoma ripoti, akafurahi, akaagiza kengele za ukutani za kuitia madaktari zing'olewe.

Sasa, dada yake Mpimaji ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na mdomo wake hauna breki. Asubuhi ya uzinduzi, wakinywa chai, akamuuliza, "Hao wauguzi wako wa uongo, wakiita wasijibiwe, wanafanyaje?"

"Wanangoja jibu, ndipo wanaita tena."

"Wana raha zao. Sisi, mdogo wangu, hatungoji. Damu ikianza kumwagika tunamwita huyu, tunamwita yule, na wodi ya pili nayo inaita."

Chai ikamshinda. Kumbe seva ilipozidiwa, wauguzi wake bandia walinyamaza kwa adabu mpaka ikapata pumzi, naye akauhesabu ukimya wao kuwa ni usalama. Jamani, kosa la kijinga kiasi hicho! Akakimbilia ofisini akapima upya, bila kumruhusu yeyote kungoja. Ujumbe ukapanga foleni, na foleni ikazidi kurefuka. Akaenda moja kwa moja kwa mkuu.

Mkuu alikuwa anafunga tai. "Wageni wako mlangoni, nawe unaniletea hofu zako? Si wewe uliyeandika kwamba iko sawa?"

"Ni mimi, mzee. Nilipima vibaya. Tuahirishe, kengele zirudishwe."

"Tutaongea kesho."

Akaenda wodi ya wazazi, akasimama karibu na dada yake, akimwomba Mungu hesabu zake za asubuhi ndizo ziwe za uongo. Haukupita muda mrefu baada ya utepe kukatwa, wodi zote zikawa zinaita. Mama mmoja aliyetoka kujifungua akaanza kuvuja damu, shuka ikalowa. Dada akabonyeza. Akabonyeza tena. Kwenye kioo cha simu kiduara kikazunguka tu. Mkono wake ukaenda wenyewe ukutani, ukapapasa matundu ya skrubu.

"Kimbia kamlete daktari," akamwambia mdogo wake, huku amemkandamiza mama tumboni kwa mikono miwili.

Mpimaji akashuka ngazi mbio, viatu mkononi, akasukuma mlango wa chumba cha madaktari. Daktari wa zamu alikuwa amekaa, simu mbele yake, akikoroga kahawa taratibu.

"Karibu, fundi wetu," akasema kwa tabasamu. "Mtambo wako umetupa utulivu. Tangu wakate utepe, hakuna hata mtu mmoja aliyeniita."