Oveni Iliyougua Kila Jumatatu

Sipendi fundi anayeuliza, "Kimeharibika nini?" Mwenye nyumba angejua, angekuita wewe wa nini? Mimi huuliza kimeharibika lini. Na Kandida, aliponifuata kwangu Engutoto asubuhi ile huku anahema, alinijibu kwamba oveni yake huharibika kila Jumatatu, na hii ilikuwa Jumatatu ya tano. Niliacha chai mezani nikachukua mkoba.

Ilikuwa Julai ya mwaka tisini na sita. Makontena yalikuwa yanashusha mjini kila kitu kilichochokwa Ulaya, na humo ndimo Kandida, mjane wa Kibosho anayeoka mikate Lemara, alipojipatia oveni ya Kijerumani. Ilikuwa ndefu kunizidi, na feni yake ya nyuma ilipuliza hewa ya moto mpaka mkate wa trei ya juu na wa trei ya chini ukaiva sawasawa. Mimi miaka hiyohiyo ilikuwa imenirudisha nyumbani. Kiwanda nilimokuwa fundi umeme kwa miaka kumi na miwili kilipata mwenyewe mpya, naye hakutuhitaji. Siku walipouza vyombo chakavu, wenzangu walinunua viti. Mimi nilinunua mega, kisanduku cha kuzungusha kwa mkono kinachoonyesha kama umeme unavuja pasipotakiwa.

Njiani Kandida alinieleza shida yenyewe. Hoteli moja ya watalii ilichukua kwake mikate mia kila Jumatatu, ifike kabla ya saa kumi jioni, maana magari ya mbugani huondoka Jumanne alfajiri na chakula kwenye maboksi. Jumatatu mbili za kwanza za ugonjwa alinunua mikate kwa wenzake akaipeleka; mbili zilizofuata hakufikisha. Meneja alimwambia, tena kwa upole, kwamba ya tatu itakuwa ya mwisho. Bila hoteli ile, oveni ingebaki kabati la bati, naye angerudi kuuza maandazi barazani.

Tulikuta pikapu mlangoni. Romanus, mdogo wa marehemu mume wake, alikuwa ameegemea boneti na furushi la kamba begani. Ana duka la mikate Moshi, na alikuja kuichukua oveni iliyomshinda shemeji yake. Si mtu mbaya, ila alikuwa ameshaona pale itakapokaa.

"Shemeji, mpe huyu mama chai aende zake," alisema. "Mafundi wanne wameshindwa."

Niliipita pikapu nikaingia ndani. Niliwasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, lakini nilipogeuza kitufe cha moto swichi ya ukutani ikaanguka. Swichi ile ipo kumlinda mtu: umeme ukivuja kwenye bati, yenyewe inakata. Basi ubaya ulikuwa kwenye moto, si kwenye feni. Hata hivyo fundi mmoja alishabadilisha mota ya feni, mwingine plagi, mwingine kitufe, wa nne nyaya. Kila mmoja alikuja Jumatatu, na kila mara Jumanne oveni ikawaka na fundi akasifiwa. Hilo lilinikera. Ni ugonjwa gani unaopona kwa dawa nne tofauti?

Nilichomoa plagi, nikafungua bati la nyuma. Kulikuwa na koili tatu za moto zilizoizunguka feni. Nilizipima kwa mega moja moja, na sindano ikalala kwenye sifuri mara zote tatu, yaani zote zinavuja. Romanus, aliyekuwa amesogea mlangoni, akaanza kuikunjua kamba.

Nakiri nilikaribia kufunga mkoba. Koili moja kufa ni kawaida, tatu kwa mpigo ni msiba. Kisha nikahisi kidole nilichogusia vichwa vya koili kinateleza. Nikakinusa. Sabuni.

"Mama Hans," nikamwuliza Kandida, "Jumamosi jioni huwa unaifanyia nini hii oveni?"

Akajinyoosha kwa fahari. Kwao Kibosho, alisema, Jumapili haikuti sufuria chafu, na mama yake alikuwa akikagua hata matako ya sufuria. Kwa hiyo kila Jumamosi, mkate wa mwisho ukishatoka na oveni ingali na joto, huisugua mwenyewe, kisha huisuuza kwa kopo mpaka kwenye matundu ya feni. Jumapili ni kanisani, hakuna kazi.

"Kwa ndoo ngapi?"

"Mbili. Mwezi huu wa vumbi, tatu."

Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena, ila si kwake. Koili yenye moto ukiimwagia maji huyanyonya vichwani, yakaingia kwenye unga unaoutenga waya na chuma, na yanakaa humo Jumapili nzima. Jumatatu umeme unavuja. Fundi anakuja, anaacha bati la nyuma wazi kutwa, koili zinakauka kidogo, basi yeye ndiye bingwa. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza mwanamke huyu anaishije na oveni yake.

"Haijafa," nikasema. "Imelowa."

Romanus alinikumbusha kwamba jua halijaonekana tangu Alhamisi, hata Meru yenyewe imejifunika. Kweli. Nikauliza kama kuna oveni nyingine. Kandida akaona haya, akanipeleka migombani nyuma ya nyumba. Pale alikuwa ameficha pipa lake la zamani, la mkaa juu na chini, lililowasomesha wanawe. Alilificha siku yule Mjerumani wa bati alipoingia, wateja wasilione.

Saa tatu nilizipanga koili kwenye trei, nikaziingiza pipani kama mikate. Kisha nikamwambia Kandida akande unga. Lilikuwa jambo gumu kumwomba, unga wa mikate mia bila oveni. Alimtazama shemeji yake, akalitazama pipa, akakunja mikono ya gauni.

Saa sita kasorobo nilizitoa, nikaziacha zipoe, nikazungusha mega. Sindano ikapanda mpaka mwisho. Ya pili ikapanda. Ya tatu ikapanda. Nilipiga vigelegele, mimi Mlutheri wa Akheri nisiyepiga hata harusini. Nilizirudisha, nikafunga bati, nikageuza kitufe cha moto, na sote watatu tukaikodolea macho swichi ya ukutani. Haikuanguka.

Mkate wa mia ulitoka saa tisa. Kandida aliushika mikononi ukiwa moto hivyohivyo, akalia bila kujificha, nami nikamsaidia kulia.

Lakini toka Lemara hadi hotelini kwa mkokoteni ni zaidi ya saa nzima. Romanus alisimama kidogo akiitazama oveni ikinguruma mahali pake. Kisha akaanza kubeba kreti mwenyewe, mbili mbili, mpaka pikapu ikajaa. Kandida alipanda mbele na aproni yake nyeupe. Romanus akaitupa ile kamba juu ya mikate, na ncha yake ikaangukia upande wangu.

"Fundi," alisema, "vuta huko."

Nilivuta mpaka viganja vikaniuma.