Kiinua Mgongo cha Mama Mkwe

Kwa miaka sita fundi simu alikuwa mkwe wa kuulizwa habari za mvua tu. Basi mama mkwe, mkunga mstaafu, alipomwita amshauri anunue hisa zipi kwa kiinua mgongo chake, fundi alivaa koti lake la harusi kwenye jua la saa saba, akaenda kifua mbele. Akipatia leo, ni mtu ndani ya nyumba ile. Akiboronga, ndiyo basi.

Mezani palikuwa na karatasi tatu za dalali wa hisa: kampuni ya mtandao wa simu, kiwanda cha simu za bei poa, na kiwanda kidogo cha chipu za simu ambacho, ilisemekana, wakubwa wa biashara hiyo walikuwa wanakimezea mate.

Fundi alikohoa kitaalamu. "Mama, hawa wa mtandao wanalalamikiwa kutwa kucha. Chukua hawa wa simu. Naletewa simu zao kumi kwa siku, foleni mpaka nje! Wana watu."

"Na hawa wa chipu?"

"Achana nao. Miaka kumi na moja sijaagiza chipu yao hata moja. Soko hawana."

Mama mkwe akamsogezea simu yake kuukuu, iliyowahi kuzama kwenye ndoo ya wodini mara mbili. "Yangu hii ina ya nani?"

Fundi akatoa bisibisi, akaifungua, akainama. Jina la kile kiwanda lilikuwa pale, limeandikwa waziwazi.

"Mbona hukuwahi kuiona?"

"Haijawahi kuharibika, mama," alijibu, na kabla hajafunga mdomo akasikia mwenyewe alichosema. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Mama mkwe hakucheka. Alichukua kalamu, akatia saini karatasi ya chipu.

Miezi minne baadaye wakubwa wakakinunua kiwanda, na hisa zikapanda maradufu. Fundi alikwepa kwenda ukweni wiki tatu, hadi alipoitwa. Alikuta dalali kaja na karatasi mpya, na kiti kando ya mama mkwe kimeachwa wazi.

"Keti, mwanangu. Hatuanzi bila wewe. Kati ya hizi, ipi inakuletea wateja wengi?"

Fundi akaitaja. Mama mkwe akaikata kwa wino mwekundu.

Iliuma kidogo. Lakini wote wawili walikuwa wakimsubiri yeye, kwa hiyo akavuta kiti karibu, akataja ya pili.