Makochi ya Kuazima

Kosa la Dobi lilikuwa adabu. Angekuwa mwanamke asiyejali wageni, binti yake angepita mara ya kwanza na haya yote yasingetokea. Lakini alilelewa na mama aliyefagia uwanja mara mbili kila aliposikia kuna mtu anakuja, na mambo ya namna hiyo mtu hayavui akiwa mkubwa.

Mtaa mzima ulimwita Dobi, hata binti yake akitaka kumtania. Alifua shuka za nyumba ya wageni iliyo nyuma ya stendi, kwa mikono yake mwenyewe: ndoo ya kwanza sabuni, ya pili kusuuza, ya tatu buluu kidogo ili weupe ukae. Mumewe alishafariki. Alikuwa na chumba kimoja chenye pazia katikati, kitanda, meza, pasi ya mkaa, na binti mmoja aliyekuwa na kichwa kizuri mpaka walimu walimwogopa kidogo. Binti huyo alikuwa ameitwa chuo cha wauguzi. Barua ilisema aripoti mwanzo wa muhula akiwa amelipiwa, la sivyo nafasi yake apewe mwingine. Kufua shuka kunalipia chakula na kodi ya chumba. Hakulipii chuo.

Ndipo majirani wakamwambia kuhusu Mradi. Ulikuwa ukisomesha watoto wa familia zisizojiweza na kuwapa mama zao mtaji wa kuanzia. Dobi alijaza fomu, akasubiri, na siku moja ujumbe ukaingia kwenye simu: mgeni wetu atakutembelea Alhamisi asubuhi kuona makazi yako. Walisema mgeni, wao wenyewe. Sasa walitarajia nini?

“Atakaa wapi?” Dobi alimuuliza shoga yake Msusi, aliyekuwa na kibanda cha nywele jirani. “Kitandani?”

“Niachie mimi,” alisema Msusi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kufikia Jumatano jioni Seremala wa ng'ambo ya njia alikuwa ameleta makochi mawili yanayomsubiri mteja, bado yamevaa nailoni. Alisema wakae kwa pembeni tu, tena mgeni asiwe mnene. Msusi alileta mapazia yake ya maua, chupa ya chai, vikombe sita vinavyofanana, na runinga iliyokufa tangu radi ya mwaka juzi, ambayo kibandani kwake kazi yake ilikuwa kuegemeza kioo. Aliitandikia kitambaa cheupe juu, ikapendeza kuliko ilipokuwa hai. Binti alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika mbavu.

“Mama, tumehamia kwa nani?”

“Nyamaza, ukaoge,” alisema Dobi, lakini naye alikuwa anacheka. Alifurahi, na sioni aibu kumsemea. Kwa siku moja chumba chake kilikuwa kama alivyokitaka siku zote.

Mgeni alikuwa msichana mpole mwenye kishikwambi mkononi. Alikaribishwa kochini, akamiminiwa chai, akaulizwa hali ya wazazi wake. Alisifu chai. Kati ya funda moja na jingine macho yake yalizunguka chumbani na kidole chake kikabonyeza, kikabonyeza tena. Hakuuliza makochi ni ya nani. Hakuuliza kama runinga inawaka. Aliaga kwa mikono miwili, na Dobi akamsindikiza mpaka barabarani, kama inavyopasa.

Wiki mbili baadaye orodha ilibandikwa nje ya ofisi ya Mradi. Binti aliisoma mara tatu, kisha akampisha mama yake naye asome. Jina halikuwepo. Lilikuwepo jina la mtoto wa mwenye mashine ya kusaga nafaka, mtu mwenye jokofu na pikipiki mbili, ambaye mtaa mzima ulimwona akihamishia vitu kwa mama mkwe wake usiku wa kuamkia ukaguzi.

Dobi aliingia ofisini bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Ofisa alikuwa kijana wa shati lililopigwa pasi vibaya. Mikunjo miwili kwenye kila mkono, jicho la dobi haliachi kuona. Alimtafuta kwenye kompyuta.

“Umepata alama sitini na moja, mama. Anayepita ni wa arobaini kushuka chini. Kwa kweli hali yako ni nzuri. Makochi, runinga, mapazia, vyombo vya wageni.”

“Vya kuazima.”

“Vyote?”

“Vyote. Mlisema anakuja mgeni.”

Ofisa alimwangalia kama anayesikia lugha ngeni. “Kwa hiyo ulitudanganya.”

Damu ilimchemka Dobi mpaka masikio yakawaka. Alisema taratibu, maana alijua akipaza sauti atatolewa nje na binti yake ataachwa na barua mkononi. “Baba, mtu akija kwako unamkalisha chini? Wewe kwenu hufanya hivyo?”

“Si suala la kwetu. Mfumo unaandika kilichoonekana. Hauna mahali pa kuandika cha kuazima.”

“Na mwenye mashine? Yeye amefichaje jokofu mfumo usione?”

Ofisa alikohoa, akapanga karatasi zilizokuwa zimepangika tayari. Alikuwa anajua. Ndilo jambo linaloniudhi kuliko yote, kwamba alikuwa anajua. Mwishowe aliandika kitu kwenye karatasi ndogo na kusema atapokea rufaa, mkaguzi mwingine atakuja Jumatatu, uamuzi wake ni wa mwisho. Kisha akainama kidogo na kushusha sauti.

“Safari hii, mama, usituandalie. Unanielewa?”

Dobi alielewa. Walipokaribia nyumbani binti alisema, “Mama, tuache tu. Nitatafuta kazi dukani.” Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulifikiria siku nyingi, na hiyo ndiyo iliyomvunja Dobi. Angelia pale pale njiani kama Msusi asingekuwa mlangoni akiwasubiri.

Jumapili Msusi alishika hatamu kwa mara ya pili. Alikuwa amewauliza waliopita, na sasa aliongea kama mtaalamu. Kitanda kitoke, kwa sababu kitanda kina alama. Meza itoke. Pasi itoke, maana pasi ni kitendea kazi na mwenye kitendea kazi anajiweza. Neti itoke. Picha ya marehemu itoke, ina kioo. Seremala alibeba huku ameinamisha kichwa, bila utani wowote, akavipanga vitu vya Dobi kwenye karakana yake katikati ya randa na mbao. Kilichobaki ni mkeka, sufuria, na ndoo tatu.

“Bado nguo,” alisema Msusi. “Mmevaa vizuri mno.”

Hapo wakakwama. Chumba kile hakikuwa na nguo chafu wala iliyochanika. Dobi hakulala na tundu kwenye nguo akiwa na sindano ndani ya nyumba. Alitoa magauni yote ya binti, na Msusi akayapekua akitikisa kichwa: hili limetiwa kiraka kinachopendeza, hili linang'aa, hili utadhani limenunuliwa jana.

“Chagua moja tulichafue,” alisema Msusi.

“Sitaki,” alisema Dobi.

“Shoga, jikaze kisabuni. Ni gauni tu.”

Si gauni tu. Mwanamke huyu alikuwa ametumia miaka kumi na tisa kuondoa madoa ya watu asiowajua, mvinyo wao, damu yao, wanja wao, akijisifu kwamba hakuna shuka iliyotoka mikononi mwake na alama. Sasa alichukua gauni la kijani la binti yake, lililofuliwa juzi, akatoka nalo nyuma ya nyumba kwenye jivu la pasi. Alilitupia jivu, akalimwagia maji machafu, akalisugua. Mikono haikutaka, ilikuwa inasugua kwa namna ya kusafisha, ikabidi aanze upya. Kisha akashika pindo kwa meno na kulichana. Alitukana wakati analichana, na hakuwa mtu wa kutukana. Hakumtukana Msusi wala ofisa. Aliwatukana watu waliokaa mahali fulani penye meza ndefu wakaamua kwamba umaskini una harufu, na kwamba asiye na harufu hiyo anawaibia.

Binti alilivaa bila kubisha. Alijitazama, akasema, “Ningeenda kwa mgonjwa hivi, angeomba muuguzi mwingine.” Hakuna aliyecheka.

Mkaguzi wa Jumatatu alikuwa mzee mwenye miwani, kiatu chake kimejaa vumbi. Dobi hakufagia. Hakumwekea chai. Alimwonyesha ndoo iliyopinduliwa, mzee akaikalia, na Dobi akaona uso wa mtu anayeridhika kwa sababu amekuta alichotumwa kukikuta.

“Kitanda?”

“Hakuna.”

“Mnalala wapi?”

Dobi alionyesha mkeka. Binti alikuwa amesimama ukutani, jivu limemkauka mabegani, anaangalia miguu yake. Kila “hakuna” aliyoitoa Dobi ilibonyezwa kwa kidole, na mzee akazidi kuwa mwema. Alimwita binti “mjukuu wangu”. Alisema pole. Alipomaliza aligeuza kishikwambi ili waone: alama ishirini na sita.

“Umepita, mama. Siruhusiwi kusema, lakini nakwambia ulale salama. Mjukuu wangu huyu anakwenda chuo.”

Binti alifunika uso kwa viganja. Dobi aliegemea ukuta. Alikuwa amelipata alilolitaka, lote, na furaha ilikuja kweli, sitamnyang'anya. Ilikuja na aibu nyuma yake.

“Limebaki swali moja,” alisema mzee. “La ustawi. Tunawauliza wote.” Alisogeza miwani na kusoma. “Katika mwezi uliopita, ni mara ngapi umejisikia huna heshima mbele ya watu? Kamwe, mara chache, mara nyingi, au kila siku?”

Dobi alifikiria. Alilichukulia swali kwa uzito kuliko walivyolichukulia waliolitunga.

“Kabla yenu, kamwe. Andika mara mbili. Siku mliponinyima, na leo.”

“Mara mbili haipo, mama. Chagua katika hizo nne.”

“Basi hizo nne si zangu.”

Mzee alibonyeza mwenyewe.

“Umeweka nini?” aliuliza Dobi.

“Mara chache.”

“Ukiweka kila siku, alama zinabadilika?”

“Hapana,” alisema mzee, akitabasamu kumtoa wasiwasi. “Hilo halina alama, mama. Ni la kujua tu.”

Dobi alimtazama mwanawe ndani ya gauni lile, akamrudishia macho mzee.

“Kama halina alama, baba, inuka kwenye ndoo yangu. Nina nguo ya kufua.”